Treni inazimia upande wa mbali wa duara ila mita inasoma 12V kote, nimechanganyikiwa

behewa_la_mwisho
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana nimefika mahali nataka kung'oa kila kitu nianze upya. Nina seti ya treni ya HO, ile ya uwiano wa 1:87, upana wa reli milimita 16.5, duara moja lenye mzunguko kama mita 6 nimelifunga juu ya ubao, na njia moja ya pembeni ya kuegeshea mabehewa. Umeme ni ule wa kawaida wa DC, kontrola ya kuzungusha kitufe, mwisho volti 12. Zinaingia waya mbili tu kwenye reli, sehemu moja, hapo karibu na kontrola.

Shida yenyewe sasa. Kichwa cha treni kikiwa huku karibu na waya kinakimbia vizuri tu, kikifika ule upande wa mbali kinaanza kuchechemea, taa ya mbele inafifia, mara kinasimama kabisa, nakisukuma na kidole kinaenda tena. Nikiongeza umeme ili kivuke kule basi kikirudi huku kinachomoka kama kimechokozwa, kwahiyo muda wote mkono uko kwenye kitufe, hiyo sio kuendesha treni hiyo ni kulea mtoto.

Reli nimeshasafisha mara tatu. Nimeazima multimita nikapima kila kipande, kote 12V, hata palepale kinapozimia nasoma 11.9. Umeme upo! Nikahisi mota imechoka ila kichwa cha pili nacho kinafanya vilevile. Mwezi uliopita ilikuwa inazunguka bila tatizo lolote.

Chumazee
Magurudumu hayo mkuu. Watu wanasugua reli wanasahau magurudumu yanabeba uchafu kuliko reli. Weka tishu yenye spiriti ya isopropili juu ya reli, shikilia kichwa magurudumu ya mbele yakiwa juu ya tishu na ya nyuma yakiwa kwenye reli tupu, washa, yatazunguka yenyewe na kujifuta. Kisha geuza. Utaona rangi itakayotoka utashangaa.

behewa_la_mwisho
Nimefanya mkuu, imetoka mistari myeusi kama makaa kweli, ila kuzimia bado kuko palepale. Halafu kama ni magurudumu si angezimia popote, mbona anachagua upande?

KimyaKimya
Watu wazima na treni za kuchezea 😂😂

MamaReli
@KimyaKimya pita kimya kimya kama jina lako.

@behewa_la_mwisho swali moja tu mwanangu, mwezi uliopita ulifanya nini kwenye hiyo reli? Usiniambie hujafanya kitu.

FundiMita
Swali la mama ni la msingi lijibu, ila kwanza tuimalize hii ya mita maana hapa ndio watu wengi wanapotea.

Multimita ikiwa kwenye volti haivuti umeme wowote wa maana. Ukinzani wake wa ndani kwa hizi za dijito mara nyingi ni omu milioni 10, kwahiyo unaochukua ni kama hakuna. Sasa chukulia kiungio, kile kibati kinachounga kipande kimoja cha reli na kingine, kimeoza kina ukinzani wa omu 15. Bila treni hakuna mkondo unaopita, bila mkondo hakuna volti inayopotea, kwahiyo mita inakuonyesha 12V safi kabisa hata kama unyevu tu ndio umebaki unaunganisha hizo reli. Ukiweka kichwa kinachotaka theluthi ya ampea, 15 mara 0.33 ni karibu volti 5 zimeishia kwenye hicho kiungio. Kichwa kinabaki na volti 7. Mita yako haijakudanganya, umeiuliza swali ambalo sio lenyewe.

Pima kukiwa na mzigo. Tafuta balbu ya volti 12 ya wati 5, zile ndogo za ndani ya gari, iunge waya mbili, igusishe kwenye reli pale pabovu kitufe kikiwa mwisho, na mita ipime hapohapo balbu ikiwa inawaka. Leta majibu.

behewa_la_mwisho
Aisee. Nimefanya. Karibu na waya za kontrola balbu inawaka nyeupe, mita inasoma 11.8. Upande wa mbali balbu rangi ya chungwa, mita inasoma 7.1!!! Na nikiitoa balbu inarudi 11.9 palepale. Nimekaa chini kwanza.

@MamaReli mwezi uliopita nilimwaga kokoto. Zile ndogondogo za pembeni ya reli ili ifanane na ya kweli, nikamwagia gundi nyeupe niliyochanganya na maji nusu kwa nusu na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye vizuri...

MamaReli
Nilijua 😄

Hiyo sabuni ndio iliyokupenyezea gundi mpaka ndani ya viungio. Kile kiungio si kibati tu kimekunjwa kikabana kitako cha reli? Kinapitisha umeme kwa kugusana tu, chuma na chuma, hakuna kingine kinachokishikilia. Gundi ikiingia katikati ikakauka imeshakuwa plastiki. Mimi nilimaliza stesheni nzima kwa mtindo huo, na rangi juu, maana nilipaka reli pembeni rangi ya kutu kwa brashi nikifurahia jinsi inavyoonekana ya kizamani, kesho yake hakuna kinachotembea, nikalaumu transfoma, nikalaumu mtoto, mpaka paka alilaumiwa.

Chumazee
Okei nimekubali, sio magurudumu. Ila dawa rahisi, bana viungio vyote kwa plaizi ya mdomo mrefu vikaze, maisha yaendelee.

FundiMita
@Chumazee kubana kunasaidia kiungio kilicholegea, gundi iliyokwisha kuingia unaibana humohumo. Na hata bila gundi kiungio kinakalia muda, kinapanuka kidogo kila unapochomoa na kuchomeka, hewa inaingia kinafubaa. Mbaya zaidi kama reli ni za brasi, zile za njano, hizo zinafubaa haraka. Hizi za rangi ya fedha ni nikeli silva, jina tu hilo wala hamna fedha ndani, ni shaba na nikeli na zinki, zenyewe zinafubaa taratibu na zinasumbua kidogo tu.

@behewa_la_mwisho usibomoe kitu bado, tutafute wagonjwa kwanza. Acha balbu ikiwaka kule mbali kabisa. Chukua mita, ncha moja weka reli upande huu wa kiungio na nyingine upande wa pili wa kiungio hichohicho, reli ileile moja, sio reli mbili. Kiungio kizima kitasoma karibu na sifuri, 0.01 au 0.02. Kinachosoma volti nzima ndio mgonjwa. Zunguka duara zima, reli ya nje kisha ya ndani. Safisha kwanza unapogusa maana ncha ikigusa uchafu utapata namba za ajabu.

Na kumbuka duara lina njia mbili, umeme unaweza kufika kule kwa kupitia kushoto au kulia. Kiungio kimoja kikifa upande mmoja treni hata haisimami, umeme unazunguka nyuma unafika. Kama kule mbali kumedoda namna hiyo ujue pande zote mbili zina wagonjwa.

mgeni_hapa
Samahani naingilia, mimi kontrola yangu imeungua, je naweza kuchukua waya wa ukutani nikaweka balbu ya nyumbani katikati kupunguza umeme kisha nikapeleka kwenye reli? Nimeona mtu kwenye video.

FundiMita
HAPANA. Usifanye. Balbu haikutenganishi na umeme wa ukutani, reli ziko wazi, mtu akizigusa anaweza kufa. Reli zipewe umeme kutoka kwenye adapta au kontrola iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye transfoma ndani na kinga ya shoti. Huyo wa kwenye video mpuuze.

MamaReli
Na uifute hiyo video mjukuu asiione.

behewa_la_mwisho
MREJESHO. Nimezunguka duara lote magoti yanauma. Viungio vingi kweli vinasoma 0.01, 0.02, basi mara nikafika kimoja reli ya nje upande wa kushoto, 2.8! Upande wa kulia reli hiyohiyo ya nje kuna kingine 2.7. Reli ya ndani kushoto kimoja 1.2, kulia viwili, 0.6 na 0.5. Vyote vitano viko mle nilipomwaga kokoto. Sehemu ambayo sijamwaga kokoto hakuna hata kimoja kibovu.

Kwahiyo viungio vitano tu kati ya 52 vimenitesa wiki tatu.

FundiMita
Safi sana. Na angalia namba zako zinavyokubaliana, kushoto nje 2.8 kulia nje 2.7, lazima zikaribiane maana zinaanzia sehemu moja na kuishia sehemu moja, tofauti ndogo iliyobaki imegawanywa na vile viungio vizuri na reli zenyewe. Ukiona pande zinapishana sana ujue umeruka kiungio mahali.

Sasa tiba. Unaweza kuvikwangua hivyo vitano ukavibadilisha, miezi sita mbele vitaoza vingine vitano. Mimi nakushauri acha kabisa kutegemea viungio kupitisha umeme, viache vifanye kazi ya kushika reli zisipishane basi. Umeme upitishe chini ya ubao. Waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, za milimita mraba 1.5 au 2.5, zifuate njia ya reli kwa chini, halafu kila baada ya mita moja hivi toboa tundu la milimita 2 pembeni ya reli upitishe kijiwaya chembamba cha 0.5 kutoka waya mkuu hadi kwenye reli. Kijiwaya kifupi, sentimita 15 zinatosha. Nikeli silva yenyewe inapitisha umeme vibaya zaidi ya mara 10 ukilinganisha na shaba, kwahiyo ukitegemea reli ndio iwe waya utakuwa unapoteza hata kama viungio ni vipya.

Nyekundu iende reli ya nje SIKU ZOTE, nyeusi ya ndani. Ukichanganya mahali pamoja tu ni shoti na utaitafuta usiku mzima. Unga jozi moja, washa, jaribu, ndio uende jozi inayofuata. Usiunge zote kumi ndio uwashe.

risasi_na_moshi
Hapo kwenye kulehemu nipeni mimi, ndio kazi yangu ya kila siku japo sio treni.

Hofu ya watu ni kuyeyusha mataruma ya plastiki na wanayeyusha kweli, kwasababu wanatumia pasi ya kulehemu iliyo dhaifu. Inaonekana kinyume ila pasi ndogo inakaa muda mrefu kwenye reli ikibembeleza risasi, yaani ule waya wa kulehemia, iyeyuke, wakati huo joto linatembea kwenye reli mpaka kwenye plastiki. Tumia ya wati 40 hadi 60 yenye ncha bapa, sio ya sindano, guza sekunde mbili tatu toka. Risasi ile ya 60/40 (bati 60, madini ya risasi 40) inayeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, zisizo na madini ya risasi zinataka kupita 217, kwahiyo kwa kazi hii ya 60/40 ni rahisi ila nawa mikono ukimaliza na fungua dirisha.

Kwangua reli upande wa NJE, ule usioguswa na ukingo wa gurudumu, mpaka ing'ae. Paka fluksi ya utomvu kidogo, ile dawa inayosaidia risasi ishike. Vika reli risasi kidogo kwanza, vika na ncha ya waya risasi, halafu viweke pamoja guza mara moja tu, vinashikana. Kushoto na kulia ya unapolehemu bana klipu za chuma au weka pamba iliyolowa maji, joto linaishia hapo. Ukiona kidonge kimekaa kama tone la maji juu ya jani ujue hakijashika, kinatakiwa kitambae kama kimelowanisha chuma.

Na fluksi ya mafundi bomba USITUMIE. Ile ina asidi, inalehemu vizuri sana siku hiyo, baadaye inakula waya kimyakimya, unakuja kukuta rangi ya kijani.

KimyaKimya
@risasi_na_moshi mimi nimekuja kucheka ila hapo kwenye pasi ndogo kuyeyusha zaidi umenifundisha kitu, nimeshaharibu ubao wa redio hivyohivyo

Chumazee
Kwanini asilehemu tu na viungio vyote moja kwa moja, duara liwe kipande kimoja? Hakuna cha kupima tena milele.

MamaReli
Chumazee wewe una haraka. Joto likipanda nyuzi 20 mita moja ya reli inarefuka kama theluthi ya milimita, na ubao wa chini nao unavimba na kusinyaa kwa unyevu kwa kiasi chake tofauti na reli. Mita 6 zilizofungwa zote zinatafuta pa kwenda, zitapinda pembeni kama nyoka. Lehemu viwili viwili ukitaka, hasa kwenye kona, lakini acha vingine wazi na mwanya wa nusu milimita hivi, vitateleza. Ndio maana vijiwaya vya chini vina kazi, kile kiungio ulichokiacha wazi hakibebi umeme tena hata kikioza hujui.

Chumazee
Sawa mama nimekaa.

mgeni_hapa
Asanteni kwa kuniokoa hapo juu. Sasa kwa sisi tunaotaka kuhamia DCC, ule mfumo wa kidijito wa kuendesha treni, hii ya kupima kwa balbu inafanya kazi?

FundiMita
Kwenye DCC reli ina umeme kamili muda wote, HO mara nyingi volti 14 hadi 16, na sio DC bali unageuka-geuka kwa kasi, kwahiyo multimita ya kawaida itakupa namba ya kukadiria tu. Balbu bado itakuonyesha panapofifia kwa macho ila chukua yenye volti za kutosha isiungue. Watu wa DCC wana jaribio lao, wanaweka sarafu juu ya reli zote mbili makusudi, kila baada ya hatua kadhaa, na mashine inatakiwa ikate umeme PAPO HAPO. Sehemu ambayo unaweka sarafu na haikati ujue waya au viungio vina ukinzani mkubwa mno, na hapo ndipo siku behewa likianguka reli zitapata moto mpaka plastiki iyeyuke kabla mashine haijashtuka. Ukiona haikati toa sarafu haraka kwa kitu cha mbao, itakuwa ya moto.

behewa_la_mwisho
MREJESHO wa pili. Nimelaza waya za 1.5 chini ya ubao nikalehemu jozi sita. Jozi ya kwanza niliyeyusha taruma mbili, ya pili moja, kuanzia ya tatu nikawa fundi. Jozi ya nne nilichanganya nyekundu na nyeusi maana nikiwa nimelala chali chini ya ubao kushoto inageuka kulia, kontrola ikakata, ila kwasababu nilikuwa najaribu moja moja nilijua hapohapo ni ipi. @FundiMita asante kwa hilo.

Balbu sasa 11.6 kote, mbali na karibu, naona raha hata kupima.

Imebaki kitu kimoja, kile kichwa kidogo cha magurudumu manne bado kinakwama kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika kuingia njia ya pembeni, kirefu kinapita freshi. Na huko hakuna kokoto wala gundi.

MamaReli
Hiyo sio kasoro ya nyaya zako, ni chura. Pale katikati reli zinapovukana kuna kipembe, wenzetu wanakiita chura, na kwenye pointi nyingi za seti kile kipembe ni cha plastiki, hakina umeme kabisa ili reli mbili zisipige shoti. Kichwa kirefu kina magurudumu mengine yanayogusa reli hai wakati haya yanavuka, kifupi chote kinakuwa juu ya plastiki kinakufa. Hapo upite na mwendo kidogo, au ubadilishe uweke pointi yenye chura wa chuma anayepewa umeme kupitia swichi inayogeuka pamoja na pointi. Ila kabla ya hayo futa zile ndimi zinazohama na pale zinapoegemea reli, pointi nyingi zinapitisha umeme kwa ulimi kugusa reli tu, kibanzi kimoja cha kokoto kinatosha. Usitumie stiliwaya, vinyuzi vyake vinavutwa na sumaku ya mota vinaingia ndani. Wala msasa, mikwaruzo inakuwa nyumba ya uchafu.

behewa_la_mwisho
Mama ulimi mmoja ulikuwa na chembe ya kokoto kweli!! Nimeitoa na sindano. Bado kinasita kidogo juu ya chura ila kinavuka chenyewe, nitaishi nacho kwa sasa.

risasi_na_moshi
Weka picha za lehemu zako tuzikosoe.

behewa_la_mwisho
Hizo mbili za kwanza sionyeshi mtu.

Ila wakuu nimepata shida mpya. Ile kona ya mbali ambayo siku zote treni ilikuwa inafika ikiwa hoi, sasa inafika na mwendo wake kamili, na mara tatu leo behewa la mwisho limeruka reli palepale. Kumbe muda wote kona ilikuwa mbovu, umeme mdogo ndio ulikuwa unaificha.

FundiMita
Pitisha ukucha juu ya viungio vya hiyo kona taratibu, reli ya nje. Ukisikia ukucha unagonga ngazi, reli moja imekaa juu ya kibati badala ya kuingia ndani yake.

behewa_la_mwisho
Unagonga. Narudi chini ya ubao.